Mkalimani wa Upande wa Pili

Swali lilitoka kwa msichana aliyekaa safu ya nyuma, Jumamosi moja ya mwezi wa Machi, katika ukumbi mdogo wa hapa Arusha ninamofundishia wakalimani wanaoanza kazi. Nilikuwa nimeeleza, kama ninavyoeleza kila mwaka, kwamba Rais Richard Nixon wa Marekani alipokwenda Moscow mwezi Mei 1972 aliingia katika kikao chake cha kwanza cha faragha na Leonid Brezhnev, kiongozi wa Muungano wa Kisovieti, bila mkalimani wa Kimarekani, na kwamba kila neno lililopita kati ya wakubwa wale wawili lilipitia kinywani mwa mtu mmoja, Viktor Sukhodrev, mwajiriwa wa serikali ya Kisovieti. Huwa naitumia habari hiyo kuwaonyesha vijana kwamba kazi yetu ikifanywa kwa uadilifu, hata hasimu hutuamini.

"Mwalimu, naomba kuuliza," akasema. "Aliaminiwa kwa sababu alikuwa mkweli, au kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumhakiki?"

Nikampa jibu la haraka, somo likaendelea.

Jibu lile halikunitosha hata mimi niliyelitoa. Kwa wiki sita zilizofuata nilirudi kila usiku kwenye kumbukumbu za mazungumzo yale, ambazo nyingi siku hizi ziko wazi kwa umma, nikazisoma kama mkalimani anavyosoma, nikitafuta mahali ambapo neno moja lilibebeshwa mizigo miwili. Nilianza nikitaka kumtetea Sukhodrev. Nimeishia mahali pengine.

## Hofu ya nyumbani

Nixon hakumchagua Sukhodrev kwa mapenzi. Mkalimani wa Kimarekani angetoka Wizara ya Mambo ya Nje, na kumbukumbu ambazo angeandika zingerudi wizarani, kwa waziri William Rogers na maofisa wake, na hilo ndilo Nixon na mshauri wake Henry Kissinger walilokuwa wakilikwepa tangu mwanzo. Mambo mazito yalikuwa yakipita katika mazungumzo ya faragha kati ya Kissinger na balozi wa Kisovieti, Anatoly Dobrynin, huko Washington, ilhali ujumbe rasmi wa Marekani chini ya Gerard Smith, uliokuwa ukikutana na ujumbe wa Vladimir Semyonov kwa zamu mjini Helsinki na Vienna tangu Novemba 1969, ulijadili kuwekea mipaka makombora ya nyuklia yale yale kwa muda mrefu bila kujua kwamba kuna meza ya pili. Mwezi mmoja kabla ya mkutano wa Mei, Kissinger alikwenda Moscow kwa siri, na balozi wa Marekani aliyekuwa katika mji huo huo, Jacob Beam, hakuambiwa mpaka mgeni alipokuwa karibu kuondoka.

Upande wa pili nao ulikuwa na mapazia yake. Inasimuliwa na Wamarekani waliokuwapo kwamba Jenerali Nikolai Ogarkov, aliyekuwa katika ujumbe wa Kisovieti, aliwaomba wasizungumzie silaha za Kisovieti kwa undani mbele ya wajumbe wa kiraia wa upande wake, kwa kuwa hawakuwa na haja ya kuyajua mambo hayo. Idadi za silaha za Kisovieti zilizokuwa zikitajwa mezani zilikuwa zile za Wamarekani, walizozikusanya kwa setilaiti na njia nyingine, na wenye silaha walizijadili bila kutoa zao.

Nilisimama hapo siku kadhaa. Mataifa mawili yenye uwezo wa kuuangamiza ulimwengu yalikaa meza moja, na kila moja lilikuwa likiwaficha watu wake mambo ambayo lilikuwa tayari kuyasema mbele ya hasimu.

Sukhodrev alikuwa hodari wa kupita kiasi. Alikulia London wakati wa vita, mama yake alipokuwa akifanya kazi katika ofisi ya biashara ya Kisovieti, na Kiingereza chake kiliwashangaza wenyeji wa Kiingereza. Aliwakalimania viongozi wa nchi yake kuanzia Nikita Khrushchev hadi Mikhail Gorbachev, na Wamarekani waliofanya naye kazi walimsifu hadharani. Sina sababu yoyote ya kudhani kwamba alipotosha.

Lakini msichana hakuuliza kama alipotosha. Aliuliza imani ile ilitoka wapi, na jibu la kweli ni kwamba ilitoka katika kutoamini: Nixon alimwogopa karani wake mwenyewe kuliko alivyomwogopa mkalimani wa Brezhnev.

## "Tutawazika"

Kuna sentensi moja ambayo kila mkalimani duniani anaijua. Novemba 1956, katika dhifa iliyofanyika kwenye ubalozi wa Poland mjini Moscow, Khrushchev aliwaambia mabalozi wa nchi za Magharibi maneno ambayo Sukhodrev, akiwa bado kijana mgeni kazini, aliyatoa kwa Kiingereza neno kwa neno: tutawazika. Magharibi yote ilisikia tishio la mauaji. Waliojua Kirusi walieleza kwamba msemo ule hubeba pia maana ya kuishi zaidi ya mwingine, ya kuwapo siku ya mazishi yake.

Kiswahili kingemsaidia. Mzee wa kwetu akimwambia jirani yake mgomvi, "Mimi ndiye nitakayekuzika," hakuna anayekimbilia polisi. Anachosema ni kwamba ana subira na umri wake utakuwa mrefu, na jirani analielewa hilo hata akiwa na hasira.

Kwa miaka mingi nimefundisha mfano huo kama onyo dhidi ya tafsiri sisisi. Safari hii niliusoma kwa jicho jingine. Sukhodrev alikuwa mwaminifu kabisa kwa maneno, na uaminifu huo haukuleta maelewano. Miaka 16 baadaye, katika Moscow ile ile, tatizo lilikuwa limegeuka: maneno yalikuwa yamechaguliwa kwa uangalifu mkubwa ili yaeleweke kwa namna mbili, na mkalimani mwaminifu alitakiwa aufikishe utata ule salama ng'ambo ya pili, bila kuumwaga njiani.

## Kamba na bunduki

Hata jina la kipindi chenyewe lilikuwa hivyo. Wamarekani waliazima neno la Kifaransa, détente, ambalo linahusu kulegea kwa kitu kilichokuwa kimekazwa, kama uzi wa upinde. Warusi walisema razryadka, neno linalotumika kwa betri inayopoteza chaji na pia kwa bunduki inayotolewa risasi. Magazeti yetu yamezoea kuandika "kulegeza mvutano", nami sijapata neno bora kuliko hilo.

Ila tazama tofauti. Kamba iliyolegezwa bado iko shingoni mwa mbuzi, na anayeishika ndiye anayeamua ilegee kiasi gani. Bunduki iliyotolewa risasi, risasi zake ziko mfukoni mwa mwenye bunduki. Hakuna hata moja kati ya picha hizo mbili inayosema kwamba ugomvi umekwisha, wala wahusika hawakudai hivyo. Wahenga wetu walikwisha kusema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja, na naamini watu wale wawili wangekubaliana na wahenga. Walichokuwa wakikitafuta ni namna ya kukaa katika mazizi mawili bila kuchoma boma zima.

Wananchi wa Marekani, hata hivyo, waliuziwa neno lile kama amani. Ndiyo maana liliwatoka upesi: Machi 1976 Rais Gerald Ford, akiwa katika kinyang'anyiro cha uteuzi wa chama chake, alitangaza kwamba halitumii tena.

## Kilichohesabiwa

Yaliyotiwa saini tarehe 26 Mei 1972 yanasomeka kwa ukavu wa orodha ya stoo, na nimeyasoma mara nyingi kwa heshima inayozidi kukua. Mkataba wa kuzuia makombora ya kujihami uliruhusu kila upande vituo 2 tu vya kudungulia makombora, kila kimoja kikiwa na makombora yasiyozidi 100, na mwaka 1974 vituo hivyo vikapunguzwa hadi 1. Maana yake inatisha ukiitazama ana kwa ana, kwamba kila serikali ilikubali kuwaacha raia wake bila ngao ili mwenzake asipate sababu ya kuongeza mikuki. Pamoja na hayo kulikuwa na makubaliano ya muda, ya miaka 5, yaliyosimamisha idadi ya mitambo ya kurushia makombora ya masafa marefu ya nchi kavu mahali ilipokuwa, Marekani 1,054 na Wasovieti 1,618. Wasovieti walikuwa na mitambo mingi zaidi, Wamarekani walikuwa mbele katika ufundi wa kupakia vichwa kadhaa vya nyuklia katika kombora moja, na vichwa havikuguswa na makubaliano yale.

Kuna kipande kidogo ambacho mtu asiye wa kazi yetu angekiruka. Pande zote mbili zilikubaliana kwamba mashimo ya kurushia makombora hayataongezwa ukubwa "kwa kiasi kikubwa". Mkalimani yeyote akisikia maneno hayo moyo humdunda, kwa sababu kiasi kikubwa cha nani? Safari hii walikaa wakalijaza neno: wakaandika kwamba haimaanishi zaidi ya asilimia 10 hadi 15.

Jambo jingine halikujazwa. Wamarekani walitaka ielezwe kombora "zito" ni lipi, Wasovieti wakakataa, na Wamarekani wakatoa tamko lao wenyewe, la upande mmoja, kueleza wao wanavyolielewa. Wasovieti hawakulipinga sana, kwa kuwa hawakuwa wamelitia saini. Miaka michache baadaye walianza kuweka katika mashimo yao kombora jipya ambalo Wamarekani waliliita SS-19, kubwa kwa mbali kuliko lile la SS-11 lililotangulia, na kelele za kwamba Moscow imevunja ahadi zikajaa Washington. Ahadi hiyo haikuwapo. Kulikuwa na matumaini ya upande mmoja yaliyoandikwa kwenye karatasi nzuri.

Mkataba wa makombora ya kujihami, uliojaa namba, ulidumu miaka 30, mpaka Marekani ilipojitoa Juni 2002.

## Usiku wa Novo-Ogaryovo

Ilinilazimu kupita hapa ingawa sikutaka.

Tarehe 8 Mei 1972, wiki mbili tu kabla ya kutua Moscow, Nixon alitangaza kwamba ameagiza kutega mabomu majini katika Haiphong na bandari nyingine za Vietnam ya Kaskazini, rafiki wa Moscow iliyokuwa vitani na Marekani. Mwezi uliotangulia, meli 4 za biashara za Kisovieti zilikuwa zimepigwa katika mashambulizi ya ndege dhidi ya bandari hiyo hiyo. Wengi Washington walitarajia Brezhnev aufute mkutano. Wakubwa wa chama walibishana. Petro Shelest, kiongozi wa chama huko Ukraine, alipinga kumpokea Nixon, na mwezi huo huo akapoteza cheo chake. Mwaliko ukabaki.

Jioni ya tarehe 24, Brezhnev alimchukua Nixon hadi nyumba ya mapumziko ya Novo-Ogaryovo, nje ya mji. Huko yeye, Waziri Mkuu Alexei Kosygin na mkuu wa dola Nikolai Podgorny walimkabili Nixon kwa zamu kuhusu Vietnam, kwa ukali uliochukua karibu saa tatu. Kisha wote wakapanda ghorofani kula chakula cha jioni, na mezani kukawa na mzaha na vinywaji kama vile hakuna lililosemwa. Kissinger alieleza baadaye kwamba ilimwonekea kana kwamba maneno yale makali yalikuwa yakisemwa kwa ajili ya kumbukumbu, ili Hanoi, yaani serikali ya Vietnam ya Kaskazini, ioneshwe kwamba yamesemwa.

Nimekalimani hasira za namna hiyo. Unazijua kwa mapigo yake: msemaji anapumzika mahali panapofaa, anakupa nafasi ya kutafsiri, hapandi juu ya maneno yako. Mtu mwenye hasira ya kweli hamkumbuki mkalimani.

Hapo ndipo mapenzi yangu kwa mazungumzo yale yalipoingia doa. Nilikuwa nimeyatazama kama ushahidi kwamba watu wanaoweza kuuana wanaweza kuzungumza, na ushahidi huo bado nauamini kwa moyo wangu wote. Kizazi cha wazazi wangu kiliishi kwa sababu watu wale walizungumza. Lakini usiku ule, watu waliokuwa wakifa Vietnam walikuwa mada iliyotakiwa kumalizwa kabla ya chakula. Sijui ningefanya nini kama ningekuwa Brezhnev, mwenye nafasi ya kuyasimamisha makombora kwa gharama ya kumezea aibu ya rafiki. Labda ningefanya vile vile. Kila nikisema hivyo moyoni mwangu, nasikia haitoshi.

## Kuzingatia

Tarehe 29 Mei walitia saini waraka wa mwisho, wa kanuni 12 za msingi za mahusiano yao. Wamarekani wengi waliuona kuwa mapambo ya kumalizia ziara, na vyombo vya habari vilikuwa vimeshughulika na makombora. Wasovieti waliuthamini kuliko karibu kila kitu kingine, kwa kuwa kanuni ya kwanza ilitaja kuishi pamoja kwa amani, maneno ambayo katika msamiati wa chama chao hayakuwahi kumaanisha kuacha kuunga mkono harakati za ukombozi mahali pengine. Kanuni ya pili ilisema kwamba juhudi za kupata faida ya upande mmoja kwa hasara ya mwingine, moja kwa moja au kwa njia ya kuzunguka, haziendani na malengo yale.

Faida ya upande mmoja ni ipi? Hakuna aliyeandika asilimia.

Lazima niseme kwa nini sentensi hiyo inaniuma. Miaka mingi iliyopita niliitwa kuandika makubaliano ya kisima kati ya wafugaji na wakulima, katika kijiji ambacho sitakitaja. Wazee walikuwa wamechoka, jua lilikuwa linazama, na hoja ya mwisho ilikuwa zamu za kunywesha mifugo. Nikaandika kwamba pande zote mbili "zitazingatia" mahitaji ya maji ya kila upande. Wote wakafurahi, wakaweka dole gumba. Wakulima walisikia kwamba zamu zitafuatwa. Wafugaji walisikia kwamba jambo hilo litakumbukwa. Kiswahili kinaruhusu yote mawili, nami nililijua hilo wakati kalamu yangu ikigusa karatasi. Kiangazi kilichofuata kijana mmoja alipigwa panga pembeni mwa kisima kile. Alipona. Mkono wake haukupona.

Basi niliposoma kanuni ya pili sikuhitaji mtu wa kunieleza yaliyofuata. Novemba 1975 Angola ilipata uhuru ikiwa vitani, wanajeshi wa Cuba wakiingia upande mmoja na fedha za siri za Marekani zikiwa zimeingia upande mwingine. Washington ikasema kanuni imevunjwa. Moscow ikajibu kwamba kusaidia wapigania uhuru hakujawahi kukatazwa.

Kisha ikaja karibu na kwetu. Julai 1977 jeshi la Somalia liliingia Ogaden, eneo la Ethiopia. Siad Barre, rais wa Somalia, alikuwa na mkataba wa urafiki na Moscow tangu 1974, lakini Moscow ilikuwa imeanza kumkumbatia Mengistu Haile Mariam, kiongozi wa Ethiopia, na katika mwezi huo huo Washington ilisema kwamba kimsingi iko tayari kuipa Somalia silaha za kujihami, kisha ikarudi nyuma vita vilipodhihirika. Kimsingi! Ningeweza kuandika makala nyingine juu ya neno hilo peke yake. Novemba Barre aliwafukuza washauri wa Kisovieti. Ndege na meli za Kisovieti zikamwaga silaha Ethiopia, Wacuba kwa maelfu wakafuata, na mwanzoni mwa Machi 1978 mji wa Jijiga ukarudi mikononi mwa Ethiopia. Kenya, rafiki wa Marekani, ilisimama upande wa Ethiopia iliyokuwa ikipewa silaha na Moscow, kwa kuwa ndoto ya Somalia Kubwa ilikuwa inaigusa ardhi yake ya kaskazini mashariki. Hakuna kanuni yoyote kati ya zile 12 iliyokuwa na mahali pa kuliweka jambo kama hilo.

Zbigniew Brzezinski, mshauri wa Rais Jimmy Carter, alisema baadaye kwamba mazungumzo ya makombora yalizikwa katika mchanga wa Ogaden. Kauli hiyo hunukuliwa kwa kupendeza kwake. Mimi siwezi kuisoma bila kuwafikiria waliozikwa kweli katika mchanga ule, ambao hawakuwa na habari ya kanuni ya pili.

Mkataba wa pili wa makombora ulitiwa saini Vienna tarehe 18 Juni 1979, Carter na Brezhnev wakapigana busu mbele ya kamera, na miezi sita baadaye jeshi la Kisovieti likaingia Afghanistan. Wasomaji wa rika langu wanakumbuka jinsi mambo hayo yalivyotufikia: Carter alimtuma Muhammad Ali aje kutushawishi tuisusie Olimpiki ya Moscow ya 1980, Mwalimu Nyerere akakataa kumpokea, Kenya ikabaki nyumbani, na Filbert Bayi na Suleiman Nyambui wakarudi Tanzania kila mmoja na medali ya fedha.

## Ubaoni

Jumamosi iliyopita nilirudi darasani na jibu langu. Nilimwambia msichana yule mbele ya wenzake kwamba alikuwa sahihi kuuliza na kwamba nilimjibu kwa pupa. Sukhodrev alikuwa mkweli, na hakuaminiwa kwa sababu hiyo. Ukweli wake ulizisaidia namba zikae miaka 30, na ukweli huo huo ukayafikisha Washington na Moscow maneno ambayo kila mmoja aliyafungua nyumbani kwake akakuta kitu tofauti. Sitaendelea kuufundisha mfano wake kama nilivyoufundisha. Wala sitawaambia tena kwamba utata si shauri letu, kwamba sisi tunabeba tu. Niliwaeleza habari ya kisima, kwa mara ya kwanza katika miaka yote niliyofundisha.

Kisha niliwapa kanuni ya pili waitafsiri. Walitoa tafsiri tatu, tukaziandika zote ubaoni. Ya kwanza ilisema "kujipatia faida ya upande mmoja". Ya pili ilisema "kumzidi mwenzake ujanja". Ya tatu, ambayo ilikuwa yake, ilisema "kujinufaisha kwa hasara ya mwenzake".

Aliitazama yake kwa muda. Akasimama, akaenda ubaoni, akafuta neno "mwenzake" kwa kiganja, akaandika "upande wa pili". Alisema hakuona popote katika maandishi yale ambapo waliitana wenzake, na hakutaka kuwatilia neno hilo kinywani.

Akarudi kuketi. Baada ya kitambo kidogo akanyoosha mkono tena, akauliza kama mkalimani anaruhusiwa kuuliza kuna pande ngapi.